Baraka Niliyomnyima Baba Mdogo

Kitui, 3 Februari 2025

Kwa Baba Mdogo Nzomo,

Pokea salamu zangu na za mama. Sisi ni wazima. Goti la mama bado linamsumbua akipanda kilima cha kanisa, lakini hakubali kubaki nyumbani Jumapili. Mvua ilituacha mapema, mahindi yakakauka yakiwa na maua, na mbaazi ndizo zilizotuokoa. Msalimie Mama Mdogo Mwongeli. Binti yenu Nzisa naye mwambie asiogope mtihani wa hesabu, ingawa mimi si mtu wa kumwambia mwingine asiogope.

Ulisema simu inakupigia filimbi katika sikio la kushoto, na kwamba ukishaikata maneno yote yanakwenda nayo. Basi tuandikiane kama ulivyotaka. Rashid, yule anayeuza vitambaa hapa mjini, hufika Nunguni siku za soko. Amekubali kuibeba barua hii na kuniletea jibu.

Kazi bado ninayo. Mkataba wangu katika ofisi ya vibali vya ngumi ni wa mwaka mmoja, na kila asubuhi mkubwa wangu Bwana Mwangangi akikunja uso nafikiri umekwisha. Kazi yenyewe si ngumu. Bondia wa kanda hii akitaka kupigana, fomu yake na karatasi za daktari huja kwangu, nazipanga kwenye faili, nazihesabu, kisha napeleka kwa mkubwa atie sahihi.

Juzi ilikuja fomu yenye jina lako. Nilidhani ni Nzomo mwingine, kwa sababu ulituambia umemaliza ngumi tangu ulipotoka Kazan, kule Urusi.

Halafu kuna ile siku ya Krismasi. Ulisimama kando ya tangi la maji, katika boma ulilozaliwa, ukaniuliza nyumba ya baba yako ni ipi. Labda ulikuwa unatania. Ningefurahi uniambie ulikuwa unatania.

Mwanao,
Muthama


Nunguni, 20 Februari 2025

Kwa Baba yangu Muthama,

Shikamoo, Baba! Una miaka ishirini na nne nami thelathini na tisa, lakini ni mimi wa kukuamkia. Kaka yangu marehemu asingekupa jina la mzee wetu, ningekuwa nakutuma dukani. Unakumbuka nyanya yako alivyokuwa akikuita mume wake? Ulikuwa na miaka minne, pua inatiririka, naye anakutengea paja la kuku. Sisi watoto wake wa kuzaa tunapewa shingo!

Hapa tu wazima. Baridi ya Nunguni unaijua. Kabichi zimefunga vizuri. Mwongeli anakusalimu. Nzisa amepita hesabu, akashindwa na sayansi.

Sasa hiyo fomu. Ni yangu. Jonah, promota wangu wa zamani, amenitafutia pambano mjini Wote, tarehe thelathini Agosti, na kijana wa miaka ishirini na tatu anayejiita Nyundo. Mkono wake wa kushoto unashuka kila akichoka. Nimemwona kwenye video, nikacheka mpaka Mwongeli akaja kuuliza kuna nini.

Usinitazame kama mzee. Mimi nilikuwa nikishusha magunia pale mjini Salama, malori mawili kabla ya chai. Dereva mmoja akamtukana mama yangu, nikamgusa mara moja, akalala. Aliyekuwa akinywa soda pembeni alikuwa kocha. Miaka mitano baadaye nilikuwa bingwa wa taifa. Mwaka wa 2014 nikaleta mkanda wa Afrika kutoka Accra, na kutoka Salama hadi Nunguni watu walinibeba mabegani kwa zamu. Mapambano thelathini na moja nimeshinda, nikashindwa manne. Nani mwingine wa kwetu?

Unajua kinachobaki. Mzee alipokuwa hai sikupanda ulingoni kabla hajajaza maji mdomoni na kunipulizia ngumi na kifua. Alipokufa, jina lake likawa kwako na kazi hiyo ikawa yako. Ulikuwa na miaka tisa mara ya kwanza. Ulinipulizia puani, bana! Pasta aliniombea dakika ishirini siku hiyo, lakini raundi ya tatu nilipoona nyota niliyakumbuka maji yako.

Basi jiandae, Baba.

Krismasi nilikula sana.

Mimi mtoto wako,
Nzomo


Kitui, 17 Machi 2025

Kwa Baba Mdogo,

Salamu nyingi. Mama amepata dawa ya kupaka gotini na anasema inanuka lakini inasaidia. Kumenyesha mara mbili. Samahani nimechelewa. Niliandika barua tatu nikazichana.

Ulipokuja kunisalimu ofisini tarehe kumi, nilifurahi kukuona. Watu wa ofisi ya jirani walitoka kukushika mkono, hata Bwana Mwangangi alicheka, na mimi sijawahi kumwona akicheka. Faili lako lilikuwa mezani. Nilikuacha nalo nikaenda kukuletea chai.

Baba Mdogo, faili hilo lilikuwa na karatasi kumi na nne. Ulipoondoka nilihesabu kumi na tatu. Nimehesabu tena leo.

Inayokosekana ni ile ya daktari wa Nairobi aliyepiga picha ya kichwa chako. Niliisoma ilipoingia, ndiyo kazi yangu. Ilisema ubongo wako una makovu na usipigwe tena kichwani hata katika mazoezi, kwa sababu ngumi moja nzito inaweza kukuua au kukuacha hujui mtu.

Sijamwambia mtu. Nikisema imepotea, nitaulizwa nani alikuwa na faili. Nikisema ni nani, nitakuwa nimemshitaki baba yangu. Nikinyamaza, mkubwa atatia sahihi. Nimekaa nalo kwenye droo wiki nzima. Kila mlango ukifunguliwa naona wamelifuata.

Tafadhali irudishe. Mpe Rashid ndani ya bahasha, hatasoma.

Mwanao,
Muthama


Nunguni, 9 Aprili 2025

Kwa Baba Muthama,

Salamu. Mvua imeshuka vizuri, barabara ya kwenda Salama ni tope tupu. Ng'ombe amezaa ndama dume. Mwongeli anasema hujambo.

Karatasi niliichukua mimi. Nani mwingine? Haiwezi kurudi, niliwashia jiko. Iliwaka vizuri kuliko gazeti.

Usilie. Najua unalia, wewe ulikuwa unalia hata kuku akichinjwa. Nikwambie kitu ambacho Jonah sijamwambia. Lile pambano la Kazan, la mwisho, mimi silijui. Nakumbuka kengele ya kwanza. Nakumbuka refa alikuwa na masharubu mekundu. Baada ya hapo niko Nairobi uwanja wa ndege, Mwongeli ananifunga kamba za viatu. Raundi nane! Ulimwengu mzima uliona isipokuwa mimi. Wanaume sokoni wananieleza, "Nzomo, ulisimama kama mti siku ile," nami naitikia kama mtu anayesifiwa kwa harusi ambayo hakualikwa. Siwezi kumaliza hivyo. Nataka pambano moja la mwisho ambalo ni langu.

Lakini sikiza. Mimi si mtu wa kumkanyaga baba yake. Mzee angesema hapana, nisingepanda. Wewe ndiwe mzee. Ukisema hapana, sipandi, na Jonah atafute mwingine. Ukisema ndiyo, uje na maji.

Mtoto wako,
Nzomo

*

Muthama, mimi ni Mwongeli. Nimeiweka karatasi hii ndani ya bahasha yeye akiwa shambani. Anatia chumvi chakula mara tatu. Anamwita Nzisa kwa jina la dada yake mwenyewe aliyekufa, na mtoto ameanza kuitika ili asimuudhi. Juzi alipotea kwenye njia ya kwenda kwa kinyozi. Mimi nimesema nikachoka, na pasta amesema, wote anatucheka. Wewe tu ndiye hawezi kukupita. Sema hapana.


Kitui, 2 Mei 2025

Kwa Nzomo, mwana wa Muthama,

Salamu kwa watu wote wa nyumba yako. Sisi ni wazima.

Nimekuita hivyo kwa sababu leo siandiki kama mtoto wa kaka yako. Utaona herufi zimepinda, lakini maneno nimeyafikiria wiki tatu.

Mimi Muthama nasema hapana. Sitakuja Wote. Sitajaza maji mdomoni. Sikupi baraka ya kupanda ulingoni tarehe thelathini Agosti wala siku nyingine yoyote. Ulisema jina hili linatosha kukuzuia. Basi limekuzuia.

Nisamehe. Sijawahi kumkataza mtu kitu chochote.

Muthama


Nunguni, 11 Juni 2025

Kwa Baba Muthama,

Shikamoo. Hapa tu wazima. Ndama ametoka kwenye maziwa, kabichi tumeuza zote. Hapa tu wazima wote.

Barua yako niliipata, nikaisoma nikiwa nimesimama, kisha nikaketi. Sikujibu upesi kwa sababu nilikuwa na hasira, na mwenye hasira asishike kalamu. Mara mbili nilifunga mfuko wangu wa glavu nikafika Salama. Mara mbili nikarudi. Nilikuwa nikisikia mzee anakohoa nyuma yangu.

Nimemwambia Jonah hapana. Alisema, "Unamuogopa karani?" Nikamwambia huyo karani ni baba yangu, na akiendelea kumtaja hivyo nitampa yeye pambano analolitafuta, hapa hapa, bila tiketi. Akaondoka.

Basi umeshinda, Baba. Kwa pointi.

Mtoto wako,
Nzomo


Kitui, 30 Juni 2025

Kwa Baba Mdogo mpendwa,

Salamu, salamu, salamu! Mama ameimba aliposikia, na goti lake amelisahau siku mbili. Rashid alinikuta uani mwa ofisi nikisoma, akaniuliza kama nimeshinda bahati nasibu.

Asante. Sijui niandike nini kingine. Agosti nitaomba ruhusa ya siku chache nije tuvune pamoja.

Kuna jambo dogo la ofisini, nalitaja tu ili usilisikie kwa mwingine. Bwana Mwangangi aliuliza juu ya mafaili yaliyokaa, nikampelekea yote pamoja na lako. Alitia sahihi Ijumaa. Kibali chako kimetoka na Jonah amekichukua. Nilitaka kusema juu ya ile karatasi, nilisimama hata mlangoni kwake, kisha nikafikiri kwamba hakuna haja tena. Wewe umeshaacha. Kwa nini niamshe maswali? Ni karatasi tu sasa.

Mwanao mwenye furaha,
Muthama


Nunguni, 4 Agosti 2025

Kwa Baba Muthama,

Shikamoo. Sisi wazima. Baridi imezidi.

Asante kwa kuja Jumapili. Najua ni mbali na kazi yako ni nyingi. Nilipokuona pale langoni na lile shati lako la kijani nilijua umebadilisha moyo. Maji yalikuwa baridi sana! Uliyapuliza vizuri safari hii, hakuna yaliyoingia puani. Kulia, kushoto, kifua, kama mzee kabisa. Ulipoondoka nililia kidogo, usimwambie Rashid.

Jonah alikuja na kile kibali. Tunafanya mazoezi Salama kila siku, katika ile ghala ya mahindi. Mguu wa kulia bado mzito, lakini mkono upo. Yule Nyundo atajua.

Tarehe thelathini, saa tisa mchana. Nimekuwekea kiti.

Mtoto wako,
Nzomo


Kitui, 18 Agosti 2025

Kwa Baba Mdogo Nzomo,

Salamu kwa wote. Naandika yaliyotokea jana na juma lililopita ili yawe kwenye karatasi, nawe uyasome kila siku. Nimemwomba Mama Mdogo aibandike ukutani.

Sikuja Nunguni Jumapili ile. Nilikuwa Kitui kanisani na mama. Sina shati la kijani.

Barua yako ilipofika nilikwenda kwa Bwana Mwangangi nikamwambia yote. Nilidhani atapiga kelele. Alivua miwani tu, akauliza, "Karatasi iko wapi?"

"Ilichomwa."

"Nani aliandika kwamba faili limekamilika?"

"Mimi, bwana."

"Na ulijua?"

"Nilijua."

Akaniambia kibali kilichotoka hakifutwi kwa maneno ya karani. Anahitaji nakala ya daktari, na hospitali haimpi mtu karatasi ya mgonjwa mpaka mgonjwa mwenyewe aombe. Akakupigia simu mbele yangu, nikasikia ulivyocheka. "Huyo mtoto ana woga," ulimwambia, "lakini muulize, yeye mwenyewe amenibariki." Bwana Mwangangi alinitazama kama mtu aliyetiwa katika ugomvi wa nyumba ya watu. Kisha akaniambia nisirudi kazini mpaka niitwe.

Ndiyo sababu jana nilikuja pamoja na Rashid. Tulikukuta unaruka kamba chini ya paa la zizi.

"Baba! Umerudi tena?" ulisema. "Ukizidi kunipulizia nitashikwa na kichomi."

"Sijawahi kuja, Baba Mdogo."

"Ulisimama hapo hapo. Muulize Rashid."

Rashid akasema, "Mimi? Wallahi sikuona mtu."

"Wewe Rashid ukishatandika vitambaa vyako, hata ndovu akipita huoni."

Nilikuomba utoe barua yangu ya Mei. Uliitoa kwenye Biblia, umeitunza vizuri. Ulisoma kwa sauti, "Mimi Muthama nasema hapana," na sauti yako haikutetemeka. Ulipomaliza uliikunja.

"Hii ni ya zamani," ukaniambia kwa upole. "Baada ya hii ulikuja, ukageuza neno. Mzee pia alikuwa hivyo, hasira yake haikuvuka mwezi."

Nikasema hapana tena, uso kwa uso, mara nne. Kila mara ulinikubalia. Kila mara, baada ya muda kidogo, ulinishukuru kwa maji. Mama Mdogo aliingia jikoni akafunga mlango.

Ninarudia hapa. Sikuja. Sikukubariki. Hapana.

Muthama


Kitui, 8 Septemba 2025

Kwa Baba Mdogo,

Salamu. Mama yuko salama. Barua ya ofisi imekuja, mkataba wangu umekatwa. Niliisoma kwa utulivu kuliko nilivyotazamia.

Mama Mdogo ametuma neno kwamba unaniomba nikuandikie habari za pambano. Sikupenda, lakini nitafanya.

Nilikuwepo. Nilikuwa nimesema sitakuja, kisha asubuhi nikajikuta Wote, safu ya pili. Raundi ya kwanza na ya pili Nyundo alikuzunguka tu. Ya tatu alikupata juu ya sikio, ukaenda kwenye kona isiyo yako ukaketi kwenye kiti chao, na watu wakacheka wakidhani ni kejeli. Refa naye alicheka. Ya nne na ya tano nilitazama viatu vyangu. Ya sita mkono wake wa kushoto ulishuka. Wewe ulikuwa umechoka, damu iko jichoni, lakini ngumi ile ilitoka kama haikuwa na habari na mambo mengine yote ya mwili wako. Alianguka kifudifudi.

Nitakuambia kitu ambacho kinanitia aibu. Nilisimama juu ya kiti. Nilipiga kelele, "Nzomo! Nzomo!" mpaka sauti ikakauka. Nilimkumbatia mtu nisiyemjua. Kwa muda huo sikukumbuka daktari wala karatasi, nilikuwa mtoto wa nyumba ya bingwa.

Kisha nilifika ulingoni nikakushika mkono. Ulinitazama kwa adabu sana, ukaniuliza kama nataka kupiga picha nawe.

Mwanao,
Muthama


Nunguni, 3 Oktoba 2025

Kwa Muthama,

Salamu kutoka kwetu sote. Mimi Mwongeli ndiye ninayeandika, yeye ananitajia maneno. Vidole vyake bado vimevimba na kalamu inamponyoka.

Anasema: Shikamoo Baba. Anasema barua yako ni nzuri, lakini raundi ya nne na ya tano umeziruka, uliza watu waliotazama kisha uziandike. Anasema pole kwa kazi, karani aliyefukuzwa si kitu, yeye alifukuzwa Salama mara tatu.

Sasa ameondoka, haya ni yangu.

Ninamsomea barua yako kila asubuhi akishakunywa uji. Nikifika raundi ya sita anashika meza. Nikimwambia ameshinda, anafurahi, Muthama, anafurahi kama habari imefika sasa hivi. Anamwita Nzisa aje asikie. Mwanzoni nililia. Siku hizi ninasoma tu.

Jonah alikuja Jumanne. Nilimfungia lango akaongea akiwa nje. Amepata mtu wa kupigana naye Disemba, Nairobi. Nikamwambia mume wangu ni mgonjwa. Akapitisha kibali katikati ya mbao nikisome mwenyewe. Kina sahihi ya mkubwa wako, na mwandiko wako juu yake, mzuri, umenyooka. Kinaisha Juni mwaka ujao.

Nilikwenda hospitali ya Nairobi kuomba ile karatasi. Wamesema aje yeye. Nikampeleka. Msichana wa dirishani akamuuliza, "Mzee, unataka taarifa zako zitolewe?" Akasema yeye ni mzima kabisa, amekuja kumsindikiza mkewe.

Kwa hiyo sijui. Asubuhi hii ameniuliza kama umeandika juu ya Disemba. Nimemwambia bado. Amekwenda langoni kukungoja, ameketi juu ya jiwe na glavu mapajani, na kumeanza kunyesha. Nimemwita mara mbili. Anasema akiingia ndani atakosa kukuona ukifika na maji.

Mama yako Mdogo,
Mwongeli